Utengamao wa moyo kwa njia ya mtandao ni nini?

Utengamao wa moyo ni huduma ya kumrudishia nguvu mtu aliyepata shambulio la moyo, aliyewekewa stenti (kibomba kidogo kinachoweka wazi mshipa wa moyo), aliyepasuliwa moyo, au mwenye moyo uliodhoofu ambao hali yake imetulia. Ndani yake mna mazoezi yanayopimwa, ufuatiliaji wa dawa, presha na lehemu (kolesteroli), elimu ya chakula, kuacha tumbaku na msaada wa kisaikolojia. Ukitolewa kwa mtandao, mgonjwa hubaki nyumbani na wataalamu humfuatilia kwa video, kwa simu au kwa vipimo anavyotuma. Kumtumia mtu video ya mazoezi na kumwacha peke yake siyo utengamao.

Kabla ya yote, mgonjwa apimwe ana kwa ana: ECG (kipimo cha umeme wa moyo), presha, na umbali anaotembea kwa dakika 6. Hatua hii isirukwe hata kidogo. Mwenye maumivu ya kifua yanayomjia hata akipumzika, vali ya aota (mlango wa damu itokayo moyoni kwenda mwilini) iliyobana sana na kuleta dalili, mapigo ya moyo yasiyodhibitiwa, au presha inayozidi 180/110 akiwa ametulia, haanzi mazoezi mpaka atibiwe.

Siku ya kipindi cha mazoezi, simu huwekwa mahali panapoonyesha mwili mzima, siyo uso tu, maana mtu anayeyumba huonekana kwanza miguuni. Awepo mtu mwingine nyumbani. Mtaalamu aulize kila mara mgonjwa yuko wapi hasa. Ambulensi haiwezi kutumwa mahali pasipojulikana. Presha hupimwa baada ya kukaa kimya dakika 5. Hufuata kupasha mwili dakika 10 hadi 15, mazoezi yenyewe dakika 20 hadi 30, kisha kupoza mwili dakika 10. Wengi hupenda kuiruka sehemu ya mwisho. Ukiacha mazoezi ghafla, damu hubaki miguuni, presha hushuka na unaweza kuzimia.

Kinachopotosha zaidi ni namba ya mapigo. Kanuni ya 220 kutoa umri, inayokadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, haimfai anayetumia dawa za beta-bloka, kama bisoprololi, kwa kuwa dawa hizo huzuia mapigo yasipande. Akiikimbiza namba hiyo atajichosha kupita kiasi. Saa za mkononi nazo hukosea zikilegea, mikono ikiwa baridi, au mapigo yakiwa hayana mpangilio. Ndiyo maana tunategemea kipimo cha Borg, ambapo mgonjwa hutaja uchovu wake kati ya 6 (hachoki kabisa) na 20 (amefika mwisho wa nguvu). Wengi hufanya kazi kwenye 11 hadi 13. Njia rahisi zaidi: aweze kusema sentensi nzima bila kuhema katikati.

Kifua kikiuma, aache papo hapo na kukaa. Kama ameandikiwa nitrogliserini (dawa ya kutanua mishipa ya damu), aitumie chini ya ulimi. Maumivu yasipoisha ndani ya dakika 5, huduma ya dharura ipigiwe. Mwenye moyo uliodhoofu ajipime uzito kila asubuhi. Ongezeko la kilo 2 ndani ya siku 3 mara nyingi ni maji yanayojikusanya mwilini, na lazima aripoti siku hiyohiyo.

Intaneti nayo itakatika, hilo lipangwe mapema: mgonjwa apunguze mwendo taratibu, akae, asubiri apigiwe simu ya kawaida. Asipopokea, mtu wa karibu aliyeandikishwa apigiwe mara moja.