Utumishi Uliotukuka katika Tiba ya Sumu: Nani Apendekezwe, na kwa Lipi

Dirisha la kupokea mapendekezo ya tuzo ya utumishi uliotukuka kwa wataalamu wa tiba ya sumu limefunguliwa tena, na kama ilivyokuwa mwaka jana, malalamiko yametangulia mapendekezo. Wapo wanaouliza kwa nini daktari wao hakupata, wapo wanaoamini kwamba majina hupangwa mapema, na wapo wanaochanganya tuzo hii ya kitaaluma na nishani za taifa, ambazo hutunukiwa na Rais na haziihusu kabisa ofisi yetu. Nikiwa mmoja wa wanaoandaa mafaili kwa ajili ya kamati, naona ni vema kueleza utaratibu, nikiamini kwamba wengi wa wanaolalamika wana nia njema.

Naanza na barua moja ya mwaka jana, ambayo nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mhusika. Iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi mbili za daftari la mistari, na babu wa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye chupa ya soda. Babu alimpendekeza daktari wa hospitali ya wilaya kwa kuwa "alimpa dawa kali ya kuua sumu". Katikati ya barua, kama mtu anayetaja kero ya njiani, aliandika kwamba kabla ya kufika huko walipitia zahanati, ambako muuguzi "alitukatalia kumnywesha mtoto maziwa, akamkemea bibi yake aliyetaka kumtia kidole kooni ili atapike".

Kamati ilisoma sentensi hiyo mara mbili. Mafuta ya taa hayana dawa ya kuyaua, iwe kali au laini. Hatari yake kubwa haiko tumboni, iko kwenye mapafu: mtoto anapotapishwa, mafuta hurudi kooni, kiasi kidogo huteleza kuingia njia ya hewa, na kinachofuata ni homa ya mapafu inayoweza kumuua. Tumelisema jambo hili redioni, kwenye mabango na katika mikutano ya vijiji kwa miaka mingi, na bado barua zinazotufikia humsifu mtu kwa kuwa "alimtapisha mtoto haraka" au "aliwahi na maziwa". Ni vigumu kuipa kamati barua ya namna hiyo, kwa sababu anayeiandika anakuwa ametuandikia kosa akidhani anaandika sifa.

Hapo ndipo chanzo cha malalamiko mengi kilipo. Umma unatafuta shujaa mwenye kiuasumu, yaani dawa ya kuipinga sumu, mkononi, ilhali sumu zilizo nyingi hazina kiuasumu mahususi, na mgonjwa hupona kwa kupewa hewa, maji na uangalizi wa karibu hadi mwili uitoe sumu wenyewe. Hata pale kiuasumu kinapokuwepo, sifa kubwa huwa ya aliyeshuku mapema. Aliyemeza parasetamoli kupita kiasi anaweza kuonekana mzima kabisa siku ya kwanza, akala na kuongea, huku ini likiharibika polepole. Asetilisisteini, kiuasumu cha parasetamoli, ambayo madaktari wa Edinburgh walichangia sana kuithibitisha katika miaka ya 1970, hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Muuguzi anayekataa kumruhusu mgonjwa huyo arudi nyumbani, na kulaumiwa na ndugu kwa kuwachelewesha, ana kitu cha kuandikiwa kwenye fomu yetu.

Wanaofuatilia historia ya taaluma hii wanajua kwamba heshima zake kubwa zimekwenda huko huko. Mwaka 1962 Rais Kennedy wa Marekani alimtunuku Dkt. Frances Kelsey, mkaguzi wa maombi ya dawa mpya serikalini, tuzo ya juu ya utumishi uliotukuka kwa watumishi wa serikali, na sababu yake ilikuwa kukataa. Tangu mwaka 1960 faili la thalidomide, dawa ya usingizi iliyotumiwa pia na wajawazito, lilikuwa mezani kwake, kampuni ikimsukuma aidhinishe, naye akawa anarudisha maombi kwa kuwa ushahidi wa usalama haukumtosheleza. Wakati huo huo, katika nchi ambazo dawa hiyo iliruhusiwa, maelfu ya watoto walizaliwa na viungo visivyokamilika. Si ajabu kwamba alikuwa na jicho kali, kwani akiwa mwanafunzi huko Chicago alishiriki kuchunguza dawa ya maji ya mwaka 1937 iliyoua zaidi ya watu 100 kwa sababu ilichanganywa na kimiminika chenye sumu kiitwacho dietilini glikoli, ambacho mwaka 2022 kilikutwa tena katika dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto nchini Gambia. Huko Kanada, Dkt. Henri Breault wa Windsor, aliyechoka kupokea watoto waliomeza vidonge vya nyumbani, ndiye aliyesukuma hadi kikapatikana, mwaka 1967, kifuniko ambacho lazima ukikandamize huku ukikizungusha. Watu wazima wengi hukilaani kifuniko hicho, nami huwaelewa, lakini kimekusudiwa kusumbua.

Huku kwetu mfano ulio karibu ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwagusa watu 317 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 maradhi kama hayo yalitokea Dodoma na Manyara. Hakuna kiuasumu cha sumukuvu. Kinachookoa watu katika mlipuko wa aina hiyo ni mhudumu anayeona macho ya njano kwa ndugu watatu wa nyumba moja, akauliza wamekula nini badala ya kuandika homa ya manjano na kufunga daftari, kisha mkemia anayepima mahindi, na afisa afya anayezuia gunia lisirudi jikoni. Wote hao wanastahili kupendekezwa, pamoja na mfamasia na mtoa ushauri wa simu ambaye mgonjwa hajawahi kumwona uso.

Sasa utaratibu. Pendekezo linaletwa kwa fomu iliyojazwa kikamilifu, ikiambatana na barua ya mpendekezaji, wasifu wa mpendekezwa, uthibitisho wa usajili wake katika baraza la taaluma yake, na barua mbili za watu wanaoifahamu kazi yake, ambao angalau mmoja si mwajiri wala ndugu yake. Mtu hajipendekezi mwenyewe. Mjumbe wa kamati mwenye undugu au biashara na mpendekezwa hutamka hivyo kwa maandishi na kutoka chumbani faili linapojadiliwa. Hii si hiari. Barua iliyoghushiwa hupelekwa kwenye vyombo vya dola, kwa kuwa kughushi ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na mpendekezwa aliyeshiriki huripotiwa pia kwa baraza lake. Bahasha, mbuzi na "asante ndogo" kwa wajumbe huangukia Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, na tafadhali msituambie kwamba ni desturi.

Nasisitiza pia suala la picha. Mwaka jana tulipokea picha za wagonjwa wakiwa kitandani, nyingine zikionyesha jina kwenye kadi. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuzisambaza bila ridhaa kunaweza kumfikisha mtu kwenye faini au kifungo, hata kama alikusudia kusifu. Elezeni tukio kwa maneno. Kamati itaomba kumbukumbu za kituo kwa njia rasmi.

Ndivyo tulivyofanya kwa barua ya babu. Fomu ya rufaa ya zahanati ilipopatikana, ilikuwa na mistari minne ya kalamu ya bluu: saa ya kufika, aina ya kimiminika, makadirio ya kiasi, na maneno "asitapishwe, asinyweshwe kitu, anakohoa, apimwe hewa". Daktari wa wilaya alifuata maelekezo hayo, akampa mtoto oksijeni na kumwangalia kwa siku mbili. Alifanya kazi yake vizuri, lakini kiwango cha kawaida cha huduma hakitolewi tuzo. Muuguzi angefikiriwa, ila kanuni hairuhusu kamati kumpendekeza mtu yenyewe, na dirisha lilikuwa limeshafungwa. Tulimwandikia babu tukimweleza kwamba anaweza kuleta fomu mpya kwa jina la yule aliyemkatalia maziwa. Hadi naandika makala haya, fomu hiyo haijatufikia.