Oili chafu ya gereji, maji ya kisima na bakteria: maswali na majibu

Ni kweli kuna bakteria wanaokula oili inayomwagwa gerejini?

Ni kweli, na hakuna aliyewaleta. Wamo kwenye udongo wa Changamwe, hapa Mombasa, na kwenye tope la mikoko. Chukua benzeni, sumu iliyomo ndani ya petroli ambayo husababisha saratani ya damu. Kaboni zake sita zimeshikana duara, na duara hilo halivunjiki kirahisi. Bakteria kama Pseudomonas putida wana vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali. Kimoja hunasa oksijeni na kuipachika kwenye duara. Vingine huligeuza kuwa kemikali iitwayo katekoli, kisha hulipasua duara lenyewe. Kinachobaki ni chakula cha bakteria, na mwisho wake ni hewa ukaa na maji.

Mbona basi ardhi ya gereji ni nyeusi miaka nenda miaka rudi?

Kwa sababu humwagwa kila siku, na wafanyakazi hao wadogo wana masharti yao. Oili ina kaboni tele lakini karibu haina nitrojeni wala fosforasi, ambazo pia wanazihitaji. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe zilinyunyiziwa mbolea yenye virutubisho hivyo, na bakteria wakachapa kazi. Tena wengi wao wanataka hewa. Kwenye tope la mikoko oksijeni huisha karibu tu na uso, kwa hiyo mafuta yaliyozama hukaa miaka.

Na madini ya risasi yaliyomo kwenye betri kuukuu?

Hiyo hapana. Risasi ni elementi, yaani kitu cha msingi kisichogawanyika kikawa kitu kingine. Hakuna kimeng'enya cha kuivunja. Wakazi wa Owino Uhuru, Mikindani, wanalijua hilo kuliko mimi: kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014, lakini risasi haikuondoka nacho. Watoto ndio huumia zaidi, maana risasi hudhuru ubongo unaokua.

Kemikali ikishaanza kuvunjwa, hatari imepungua?

Si lazima, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Pakloroethilini, inayotumiwa kusafishia suti bila maji, huvuliwa klorini moja moja na bakteria wasiohitaji hewa. Kazi ikikwamia njiani hubaki vinaili kloraidi, ambayo kwa saratani ni mbaya zaidi. Bakteria waitwao Dehalococcoides ndio wanaojulikana zaidi kwa kuimaliza hadi ethini, gesi isiyo na klorini tena, lakini hawapatikani kila mahali.

Kisima chetu kinanuka petroli. Nikichemsha maji?

Usichemshe. Benzeni itaruka na mvuke, nanyi mtaivuta humo humo jikoni. Msinywe, msipikie, msiogee. Nunueni maji kwingine na mumwite afisa wa afya ya umma achukue sampuli. Klorini ya dukani pia haisaidii, hiyo ni ya vijidudu.

Mume wangu ni fundi, hunawa mikono kwa petroli.

Aache leo. Benzeni hupenya ngozi. Apake mafuta ya kupikia, asugue, afute kwa kitambaa, kisha sabuni. Na ovaroli isifuliwe pamoja na nguo za mtoto.