Chikungunya si neno la Kiswahili, na dhana nyingine kuhusu asili ya maneno ya kitabibu

Fungua maandishi mengi ya Kiingereza kuhusu chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, utasoma kwamba jina hilo ni la Kiswahili. Si kweli. Ni la Kimakonde.

Mwaka 1952 homa ngeni ilizuka Newala, kwenye nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanganyika. Ilimshika mtu ghafla, viungo vikauma hadi akashindwa kunyooka, akawa anatembea amejikunja. Wenyeji wakaiita kutokana na kitenzi chao kungunyala, yaani kukauka na kujipinda. Taarifa ya daktari Marion Robinson ilipochapishwa mwaka 1955 ilihusisha jina hilo na Kimakonde. Walioandika baadaye ndio walioleta "Kiswahili", wakanakiliana. Silabi ya kwanza tu ingetosha kuwashtua: chi- ya Kimakonde ndiyo ki- yetu, kama wenyewe wanavyoiita lugha yao Chimakonde. Kwangu hili si jambo dogo. Watu wa Newala waliugua, wakautazama ugonjwa kwa makini na kuupa jina linalotaja dalili yake barabara. Sisi Waswahili tusipokee sifa isiyo yetu.

Kwa dengi (dengue), homa nyingine inayoenezwa na mbu, hali ni tofauti. Wengi husema imethibitishwa kuwa jina lake limetokana na "kidinga pepo" ya Zanzibar. Hoja hiyo ina mashiko, lakini kusema imethibitishwa ni kutia chumvi. Daktari James Christie, aliyeishi Zanzibar, aliandika kwamba homa ilipozuka huko mwaka 1870 wazee waliikumbuka nyingine kama hiyo ya mwaka 1823, na jina wakawa nalo. Miaka michache baada ya 1823 ugonjwa unaofanana nao ulienea visiwa vya Karibi, na huko ndiko jina dengue liliposhika. Ila Kihispania kilikuwa tayari na neno hilohilo kwa maana ya madeko na maringo, na hakuna aliyeonyesha kwa uhakika jinsi neno letu lilivyovuka bahari. Tena wapo wataalamu wanaoona kuwa, kwa yale maumivu ya viungo, homa ya Zanzibar yenyewe ilikuwa chikungunya!

Halafu kuna ule ujumbe unaozungushwa sana kwenye simu, kwamba alkoholi ni Kiarabu "al-ghawl", pepo mla miili ya watu. Asili inayokubalika ni al-kuhl, nao ni wanja, ule unga laini wa madini unaopakwa machoni. Neno lilipoingia Ulaya kupitia vitabu vya wanakemia, likawa jina la unga wowote uliosagwa ukalainika kabisa, kisha la kiini cha kitu kilichosafishwa. Katika karne ya 16 wakawa wanasema "alkoholi ya divai", kwa maana ya kile kinachopatikana divai ikikenekwa, yaani ikichemshwa na mvuke wake kugeuzwa kimiminika. Baadaye divai ikadondoshwa, likabaki neno la mbele. Ghawl ni neno la kweli la Kiarabu, limo katika Qur'ani, Surat As-Saffat aya ya 47, ambapo kinywaji cha peponi kinasifiwa kuwa hakina ghawl, yaani madhara. Anayetaka kukemea ulevi anazo hoja za kutosha bila kubuni asili ya neno.

Malaria ni Kiitaliano, "hewa mbaya". Jina linataja chanzo ambacho sicho, kwani daktari Mfaransa Laveran alikiona kimelea kwenye damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880, na daktari Mwingereza Ross akakikuta ndani ya mbu huko India mwaka 1897. Hata hivyo wanaodhani wazee wa Roma walikuwa wajinga wanakosea pia. Walioikimbia hewa ya vinamasi walikuwa wanawakimbia mbu bila kujua.

La mwisho ni vaksini, yaani chanjo. Ni kweli limetokana na vacca, ng'ombe kwa Kilatini, lakini baadhi ya watu hukisia kutokana na hilo kwamba kila chanjo ina kitu cha ng'ombe. Mwaka 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner alimkinga mtoto James Phipps dhidi ya ndui kwa kutumia usaha wa ndui ya ng'ombe, jina likaanzia hapo. Mwaka 1881 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alipendekeza jina hilo litumike kwa chanjo zote, ili kumuenzi Jenner.