Je, shirika dogo la hisani halihitaji mwongozo wa wafanyakazi?

Wengi wanaoendesha mashirika madogo ya hisani huamini kwamba mwongozo wa wafanyakazi, yaani kijitabu cha kanuni na taratibu za kazi, ni wa taasisi kubwa. Watu wanne au watano wanaofahamiana wanaweza kuelewana kwa mdomo. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa kazi hizi huanza kwa kuaminiana.

Lakini likizo, ugonjwa, malalamiko na nidhamu hujitokeza popote penye mwajiri na mwajiriwa. Tena shirika dogo ndilo huumia zaidi mratibu anapoondoka, maana taratibu zote zilikuwa kichwani mwake.

Mwongozo si mbadala wa mkataba wa ajira, wala hauwezi kupunguza haki iliyowekwa na sheria. Kurasa chache zilizoandikwa kwa lugha nyepesi zinatosha. Kunakili mwongozo wa shirika kubwa, jambo ambalo wengi hulifanya kwa nia njema, huleta tabu yake: mnajikuta mmeahidi kamati ya rufaa ambayo haipo.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Waulize wenzako wawili, kila mmoja kwa wakati wake: risiti ya safari ikipotea, fedha hurudishwaje? Malalamiko dhidi ya mkurugenzi hupelekwa kwa nani? Majibu yakitofautiana, hapo ndipo pa kuanza kuandika. Kisha linganisha rasimu na sheria ya kazi ya nchi yako na mikataba mliyosaini, bodi iipitie, na tarehe ya toleo iandikwe ukurasa wa kwanza.