Feni ikizima, moshi uende wapi?

Nafunga majiko ya kupashia nyumba joto huku Maine, Marekani, yanayochoma peleti, yaani vipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Baridi ikianza kubisha hodi, wananipigia ndugu zetu wa Kongo na Burundi, watu waliokulia kwenye mafiga, na swali halibadiliki: “Fundi, moshi wenyewe hauonekani, bomba la mashine ya kukaushia nguo si litatosha?”

Halitoshi. Moshi hauonekani kwa sababu peleti huungua vizuri. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu, bado imo, nayo haina rangi wala harufu. Tena jiko hili si kama dohani. Dohani huvuta moshi yenyewe, kwa kuwa hewa moto hupanda. Hili husukuma moshi kwa feni, kwa hiyo upenyo kwenye kiungo hupuliza moshi sebuleni.

Ndiyo maana natumia bomba la kuta mbili lililoandikwa “PL”, alama ya mabomba ya majiko ya peleti: ndani chuma cha pua, nje bati, katikati hewa. Lile la gesi lenye alumini ndani halikutengenezewa moshi wa mbao. Viungo navipaka silikoni ya kuhimili joto. Umbali kutoka kwenye mbao za nyumba, soma kibandiko cha bomba lenyewe. Mengine hutaka inchi 1, mengine 3.

Sasa umeme. Januari moja niliitwa kwenye nyumba ambayo bomba lilitoka ukutani moja kwa moja likaishia hapo. Usiku umeme ulikatika, feni ikasimama, peleti zilizobaki zikaendelea kufuka, moshi ukarudi ndani. Kengele ya kaboni monoksidi, ile ya betri, ndiyo iliyowaamsha. Nje ya ukuta niliweka tii, yaani kiungo chenye umbo la herufi T, kisha nikapandisha bomba futi 4. Kimo hicho huendelea kuvuta kiasi hata feni ikifa.

Lakini kona zina gharama: humzuia moshi kupita, kwa hiyo nahesabu uzito wa njia nzima kwa futi. Kiwiko cha nyuzi 90 nakihesabu futi 5, kila futi ya mlalo moja, ya wima nusu. Jumla ikizidi 15, naacha bomba la inchi 3 nahamia la 4.

Mdomo wa bomba ukae mbali na madirisha: futi 4 chini yake au kando, ama futi 1 juu. Na uwe juu ya theluji, si juu ya ardhi unayoiona Septemba!

Kusafisha: mimi nasema kila tani moja, yaani mifuko 50 ya paundi 40. Kioo kikiwa cheusi na moto ukalegea, watu hulaumu peleti; mimi hufungua bomba kwanza, na mara nyingi majivu yamejaa kwenye sehemu ya mlalo. Subiri jiko lipoe kabisa, pitisha brashi ya saizi ya bomba, majivu yaweke nje kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko. Kisha rudisha kifuniko cha tii. Msimu uliopita nilikiokota kimoja uani, theluji ilipoyeyuka.