Mzizi mweupe kupita kiasi

Kwetu Pemba mtoto huijua karafuu mpeta kabla hajajua kusoma: imelundikwa mbichi, haikuanikwa kwa wakati, ikavunda na kupoteza harufu. Kwa hiyo nilipoanza kazi ya kupima ubora wa mitishamba ya Kichina, mambo ya kuanika hayakuwa mageni kwangu. Kilichonishangaza ni weupe.

Chukua baishao, mzizi wa ua la pioni, unaolimwa sana Bozhou, mkoani Anhui. Unakaa ardhini kama miaka minne, unachimbwa, unachemshwa, unamenywa, kisha unaanikwa. Ukikauka kwa jua tu, weupe wake huwa umefifia, una wekundu kwa mbali. Unaogombewa sokoni ni mweupe kama chaki. Uvunje, uunuse: ukali unakupanda puani. Hiyo ni salfa, ileile wanayopuliziwa mikorosho kule Mtwara, ila hapa inachomwa na mizizi inafukizwa kwa moshi wake.

Simlaumu mkulima. Moshi huo hufukuza wadudu na ukungu, huharakisha kukausha, na mnunuzi hulipa kwa macho. Tabu ni kwamba salfa haiishii juu juu. Inaishambulia peoniflorini, kemikali ambayo ndiyo tunayoifuata ndani ya mzizi huu, na kuigeuza kitu kingine. Sura imebaki, dawa imepungua. Viwango vya China vinaruhusu mabaki ya dioksidi ya salfa, yaani gesi ya moshi huo, hadi miligramu 150 kwa kilo kwa mitishamba mingi. Baishao imeachiwa hadi 400.

Siku hizi viwanda vinakimbilia chembechembe: mizizi inachemshwa kiwandani, maji yake yanakaushwa, mgonjwa anakoroga kikombeni. Wepesi wake siubishii. Lakini ikishakuwa chembechembe, jicho na pua havina kazi tena. Ndiyo maana kwangu mimi kanuni za China za kilimo bora cha mitishamba, zilizotolewa 2002 na kuandikwa upya 2022, zina maana kuliko mtambo wowote mpya: zinataka mzigo uweze kufuatiliwa mpaka shambani ulikotoka.

Kinachobaki ni bei. Jua nalo lina gharama zake: majamvi, watu wa kugeuza, na mbio za kufunika mvua ikitanda. Mpaka leo nikimwambia muuzaji anipimie ule uliofifia, anadhani natafuta wa bei ya chini.