Je, wajua kwa nini timu ya programu hupunguza kazi ili imalize mapema?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba timu ikianza kufanya kazi kwa mtindo wa ajaili (kwa Kiingereza Agile), yaani kutengeneza programu kwa hatua ndogondogo, watu wake huandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, haraka zaidi. Jina linabeba maana ya wepesi, nami nikasikia mbio. Basi nilipopewa timu ndogo kuiongoza, nilimgawia kila mtu kazi nne kwa mpigo ili asikae bure. Ubaoni, ambako kila kazi ilikuwa na kadi yake, kadi za kazi zinazoendelea zilijaa hadi zikapandana, huku upande wa zilizokamilika ukikaa na kadi mbili wiki nzima. Nikawahimiza wakaze mwendo. Nilikosea, maana tatizo halikuwa vidole vyao.

Watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, nchini Marekani, Februari 2001 wakaandika ilani ya ajaili, hawakuahidi kuandika kwa kasi. Walisisitiza kumpelekea mteja programu inayofanya kazi mara kwa mara, kidogo kidogo. Wala hawakufuta mipango, ingawa hilo nalo husemwa sana. Walichosema ni kwamba kuitikia mabadiliko kuna thamani zaidi kuliko kufuata mpango.

Sasa mtazame fundi cherehani mwenye nguo nne za wateja wanne, kila moja ya saa nne. Akishona moja hadi mwisho ndipo ashike nyingine, wateja wanachukua nguo zao saa ya 4, ya 8, ya 12 na ya 16. Akizungusha, saa moja kwa kila nguo, wa kwanza anapata yake saa ya 13, halafu ya 14, ya 15 na ya 16. Jasho ni lilelile, ila wateja watatu wamecheleweshwa na hakuna hata mmoja aliyewahishwa. Hapo bado hatujahesabu muda wa kukumbuka alikoachia sindano.

Mwaka 1961 mtafiti Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ya foleni inayolieleza jambo hili vizuri ajabu: gawanya kazi zilizo mkononi kwa zinazomalizwa kwa wiki, upate wastani wa wiki za kila kazi. Timu yenye kazi 12 mkononi, inayomaliza 3 kwa wiki, huchukua wastani wa wiki 4 kwa kila kazi. Zikiwa 6 mkononi, ni wiki 2, na hakuna aliyeongeza kasi!

Kanuni hii inahusu wastani, tena pale mwendo wa timu unapokuwa umetulia. Haikuambii kikomo cha kazi zilizo mkononi kiwe ngapi. Ukibana mno, watu watakaa wakisubiri jibu la mtu mmoja.

Sisi tuliandika kikomo cha 4 juu ya safu ya kazi zinazoendelea ubaoni, kwa timu nzima. Siku ileile msanidi programu mmoja alimaliza yake, akataka kuvuta kadi mpya, akakuta safu imejaa. Akasogeza kiti kwa mwenzake aliyekwama kwenye majaribio. Kadi iliyokuwa imelala pale siku sita ikavuka jioni hiyo.